SIGA IMELOWA, WEWE UNASEMA FEKI!

Kariakoo bwana, neno "feki" ni la bure, kila mtu analo mdomoni. Shati likichuja, feki. Redio ikikoroma, feki. Na siga nayo ikizimika mdomoni mwa bosi, moja kwa moja: feki! Wiki hii, msomaji wangu, naomba niitetee siga kidogo, maana neno hilo nusura limmalizie mtaji mshikaji wangu mmoja wa Mtaa wa Aggrey.

Mshikaji anauza siga moja moja kwa watu wa sherehe. Siga ni ile nene ya majani matupu, haina karatasi. Wazee wa pwani wanaiita biri. Mwezi wa nne, masika yamepamba moto, mteja mmoja karudi na siga nne mkononi, kanuna.

"Dogo, rudisha hela yangu. Hizi feki. Zinazimika kila dakika, halafu zinauma ulimi."

"Anko, mbona boksi ni lile lile la Januari? Si ulizisifia mwenyewe?"

Kasheshe! Watu wakajaa. Lakini ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli. Siga hazikubadilika, hewa ndiyo iliyobadilika.

Jani la tumbaku linavuta maji ya hewani kama chumvi ya mezani. Waulize wakulima wa Urambo kule Tabora. Tumbaku ikitoka kwenye bani inakuwa kavu, ukiishika inavunjika. Inabidi iachwe ivute unyevunyevu kwanza, ndipo ichambuliwe na kufungwa marobota. Ikizidi maji inaota ukungu, na mnunuzi anaikataa.

Siga ni hivyo hivyo. Wataalamu wanapenda ikae kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Dar yetu, iliyo kando ya bahari, alfajiri ya masika unyevu unapita asilimia 80! Ndiyo maana maelekezo ya Ulaya ya kuongeza maji hapa kwetu yanakupoteza. Kwao wanaogopa kukauka, sisi tunalowa.

Utajuaje? Ibonye taratibu kwa vidole viwili. Ikibonyea kidogo na kurudi, safi. Ikibaki na shimo kama andazi bichi, imelowa. Ikilia kwachakwacha, imekauka.

Iliyolowa usiianike juani wala usiiwekee feni. Jani la nje litakauka kabla ya la ndani, lipasuke. Ivue nailoni yake, iweke kwenye boksi tupu la mbao, funika, weka kivulini siku moja au mbili. Chagua chumba kikavu, si jikoni kwenye mvuke. Ibonye tena. Basi, hakuna uchawi.

Iliyokauka ni ile iliyokaa sana kwenye duka la kiyoyozi huko Posta, au kwenye friji pembeni ya soda. Hiyo iweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa. Sponji isiiguse siga. Mpe wiki moja au mbili. Ukiharakisha, itavimba na kuchanika.

Kama una kipimo cha unyevu, kipime nacho kwanza. Jaza chumvi kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa mpaka kesho. Kikisoma 75, kipimo chako hakidanganyi.

Lakini ukiona ukungu wenye manyoya, hasa wa kijani, tupa. Ukiona vitundu kama vya sindano, hao ni wadudu wa tumbaku, wanapenda joto kama la kwetu. Hapo hakuna cha kukausha tena.

Sisemi kwamba Kariakoo hakuna feki. Zipo, na kagua kabla hujatoa noti. Ila usimfilisi kijana kwa kosa la mvua. Mshikaji wangu alizichukua zile nne, akazikausha siku mbili, akamwita anko aje awashe moja mbele ya watu. Anko alivuta kimya mpaka katikati, kisha akaomba abakize tatu zilizobaki.

Mimi mwenyewe sivuti, na moshi wa siga iliyokaushwa vizuri unaua kama wa nyingine. Na wewe muuzaji, sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18. Hata akisema katumwa na baba.

Haya, tukutane wiki ijayo. Mwenye la kuuliza aulize, ila hela ya siga asiniombe!