Mbeba mzigo si mchawi

Najua nimepotea, mitihani ilinibana. Leo nina jambo linanikereketa, acha nilitoe.

Mwaka jana boom lilipoingia nilijibana nikamnunulia mama simu kwenye duka moja la mtandaoni (jina kapuni). Mama yuko kwetu Tura, Uyui, kwenye reli ya kati. Fomu ya duka ikang'ang'ania: jaza mtaa na namba ya nyumba, la sivyo huendi mbele. Jamani, namba ya nyumba ya Tura naitoa wapi? Nikaandika "Stesheni, namba 1" ilimradi ikubali. Mzigo ukapelekwa stesheni ya Tabora mjini! Nikapiga simu dukani, nikawaka kweli kweli. Wiki mbili baadaye simu ikakutwa stoo, mama akaipata. Ila kijana wa kusambaza mizigo alikuwa ameshakatwa mshahara, na hakurudishiwa. Aliniambia mwenyewe kwa upole, kisha akamalizia, "Pole kwa usumbufu, dada."

Hiyo pole ndiyo inaninyima usingizi. Namba ya uongo niliandika mimi. Fomu isiyoijua Tura waliitengeneza wengine. Aliyelipa ni yeye.

Sasa sikieni. Kuna duka la mtandaoni la Marekani, Etsy, lilianza 2005. Mwaka 2012 mmoja wa mabosi wa mainjinia wake, John Allspaw, alieleza wanachofanya tovuti ikianguka. Wanakaa kikao, na aliyeharibu anasimulia bila kuogopa adhabu: aliona nini, alitegemea nini, alifanya nini. Hawamtafuti mchawi. Wanatafuta kilichofanya kosa liwe rahisi kutokea, wakirekebishe. Tena walikuwa na tuzo ya mwaka, sweta lenye mikono mitatu, kwa injinia aliyesababisha hitilafu ya kushangaza kuliko zote! Mimi nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Kwa nini? Kwa sababu ukimwadhibu anayekiri, kesho atanyamaza, na shimo litabaki palepale likimsubiri mwingine. Yule kijana angeulizwa tu, angewaambia fomu yao ina kasoro. Hakuulizwa, akakatwa.

Na hii tabia ni ya zamani. Burton na Speke walipita Tura mwaka 1857, wakitokea Mgunda Mkali. Mizigo ilikuwa mabegani mwa wapagazi, frasila mbili hivi kwa mtu, kama kilo 32. Safari ikiharibika, lawama zilimwangukia mpagazi, si aliyepanga safari. Siku hizi begi la mgongoni limehamia kwenye bodaboda, lawama zimebaki kwenye mgongo uleule.

Msidhani nawasema wenye maduka tu. Kwenye BTP, nusu ya darasa ilikosea hesabu moja kwa namna moja. Nilishashika fimbo. Sijui nini kilinizuia, nikaiweka chini nikauliza, "Mmefikaje hapa?" Kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, jana uliandika hivyo ubaoni." Nikafungua daftari lake. Kweli, alama ya kutoa niliiruka mimi mwenyewe! Ningechapa watoto ishirini kwa kosa langu, na wala nisingelijua.

Mtasema, "Basi kila mtu aharibu tu, hakuna adhabu?" Hapana. Mwizi ni mwizi, na mvivu tunamjua. Nasemea kosa la mtu aliyekuwa anafanya kazi yake. Huyo muulize kwanza. Ndiye aliyekuwa karibu na shimo, ndiye anajua lilipo.

Wenzangu wa ualimu, mwakani tunaingia madarasani. Fimbo itakuwa mezani. Anzeni na swali.

Yule kijana nilimtumia nusu ya alichokatwa, boom liliishia hapo. Nusu nyingine bado nadaiwa.

Nawasilisha.