Nani Alipe Kodi ya Chumba cha Historia?

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeikabidhi kaunti kazi ya makumbusho. Ukikisoma kipengele chenyewe utatabasamu: makumbusho yametiwa kapu moja na kamari, leseni za pombe, sinema na maonyesho ya video. Leseni za pombe kaunti imezishika kwa mikono miwili, kwa sababu zina pesa. Makumbusho ya vijijini hayana, kwa hivyo yameachiwa wazee wenye subira na vijana wachache wanaosubiri kazi.

Je, kaunti iyachukue, iyasaidie, au iyaache kama yalivyo? Wanaotetea utamaduni hutaka serikali iingie leo, na wanaoiogopa serikali hutaka ikae mbali kabisa. Mimi nikiwazia Lari sioni upande unaonitosha.

Lari iko Kiambu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, pale barabara ya Nairobi kwenda Nakuru inapopita kwenye mashamba ya kabichi na viazi. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia maboma ya machifu, homugadi (Wakikuyu waliolinda vijiji kwa niaba ya serikali ya kikoloni) na jamaa zao, wakafunga milango kwa nje na kutia moto. Waliouawa hawakupungua 70, wengi wao wanawake na watoto, na miongoni mwao alikuwamo chifu wa zamani, Luka Kahangara. Nyuma ya yote hayo palikuwa na ardhi. Luka na wenzake walikuwa wamehamia Lari kutoka Tigoni baada ya kukubali kubadilishana mashamba ili walowezi wapate nafasi, na wapo walioona mapatano hayo yamewapokonya chao. Usiku uo huo na siku zilizofuata, homugadi, polisi na wanajeshi wakalipiza kisasi. Waliokufa safari hii ya pili serikali ya kikoloni haikuwahesabu kwa makini, wala haikusambaza picha zao duniani kama ilivyosambaza za wale wa kwanza. Mahakama nazo zikawahukumu washtakiwa wa Mau Mau, na 71 wakanyongwa.

Waliobaki, wa pande zote mbili, waliendelea kuishi ujirani. Serikali ya uhuru ilihimiza watu wasahau yaliyopita, na kisheria Mau Mau ilibaki kundi lililopigwa marufuku hadi 2003. Sasa tazama tarehe hii: Makumbusho ya Amani ya Lari, katika mji mdogo wa Kimende, yalianzishwa mwaka 2001, na waliokuwa Mau Mau pamoja na waliokuwa homugadi. Marufuku ilikuwa bado haijaondolewa. Ni mkurugenzi gani wa serikali angetia sahihi yake kwenye mradi kama huo? Wazee waliweza kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwalipa, na kwa hivyo hakuna aliyeweza kuwatishia mshahara.

Linganisha na mnara wa Mau Mau uliozinduliwa Uhuru Park, Nairobi, mwaka 2015, uliotokana na makubaliano ya 2013 ya Uingereza kuwalipa fidia walioteswa enzi hizo. Ni kazi nzuri: mwanamke anampa mpiganaji chakula, na hawatazamani usoni. Lakini homugadi hayumo. Uingereza ilipokaa na waliokuwa Mau Mau kukubaliana namna ya kukumbuka, Mkikuyu aliyemuua Mkikuyu mwenzake hakupata nafasi. Kimende nafasi hiyo ilikuwapo tangu mwanzo.

Wazo la makumbusho ya amani halikuzuka Lari. Katikati ya miaka ya 1990 Sultan Somjee, mtaalamu wa utamaduni aliyekuwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, alianza kuzunguka vijijini akitafuta vitu ambavyo jamii zilivitumia kupatanisha watu, akisaidiwa na shirika la Kanisa la Mennonite. Kila jamii ikahimizwa iwe na makumbusho yake. Leketyo, kwa mfano, ni mkanda wa ngozi uliopambwa kwa kauri, ambao mwanamke wa jamii za Kalenjin huvaa akiwa mjamzito. Wanaume wakipigana, mama anaweza kuuvua na kuutupa katikati yao, na hakuna atakayethubutu kuuruka. Uweke mkanda huo ndani ya kabati la kioo Nairobi, nao ni pambo lenye kibandiko. Kijijini kuna mtu anayejua ulikuwa wa nani, na pengine ulizuia ugomvi upi. Hilo ndilo jambo ambalo makumbusho makubwa hayawezi kulinunua.

Kuna pia ninalolitilia shaka. Neno “amani” kwenye kibao cha mlangoni huwavutia wafadhili, na likizoeleka linaweza kulainisha historia isiyotaka kulainishwa. Mgeni wa saa moja hupenda kusikia kwamba watu walipatana. Habari za Tigoni na mipaka ya mashamba zinamchosha, ilhali humo ndimo jambo lenyewe lilimo.

Basi tuyaache? Hapo ndipo watetezi wa kujitolea wanaponikera kidogo. Husifu moyo wa wazee bila kuuliza nani analipa kodi ya chumba, nani ananunua dawa ya wadudu wanaotafuna ngozi, nani anampa nauli kijana anayefungua mlango. Mara nyingi mlipaji ni mzee yuleyule, kwa pesa za viazi. Wanafunzi wakija kwa basi la shule kuna kiingilio kidogo. Shule zikifungwa hakuna. Mfadhili akibadili mawazo, mwenye nyumba hangoji. Na mzee akifariki, wanawe wakavikuta vibuyu na mikuki ndani ya nyumba, watajuaje kipi ni urithi wao na kipi kiliazimwa kutoka kwa jirani?

Daftari la vitu vilivyomo ndilo linalokosekana mapema kuliko paa, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kitu kingine chochote. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru, Mmijikenda wa Pwani, pamoja na vigango viwili, nguzo za mbao za ukumbusho, alivyosimamisha kwa ajili ya ndugu zake marehemu. Muda si muda vikaibwa. Mwaka 1999, akiwa kwenye mkutano wa wasomi Marekani, Udvardy alionyeshwa picha ya kimojawapo, kikiwa sasa ni mali ya makumbusho ya huko. Cha pili nacho kikapatikana kwenye makumbusho mengine ya nchi hiyohiyo, na kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Bila ile picha ya 1985, familia ingekuwa na neno lake tu dhidi ya risiti za wanunuzi.

Kwa hivyo nasema kaunti ilipe: kodi, daftari lenye picha, na mshahara wa mtu mmoja wa kufungua mlango. Ikome hapo. Isiguse maelezo ya ukutani, isiteue mwenyekiti, na mwakilishi wadi asipate kiti kwenye kamati kwa sababu tu pesa zimepitia bunge lake. Najua pesa za serikali huja na mkono. Shule za harambee ziliinuliwa kwa kuku na mbuzi wa wanakijiji. Serikali ilipoleta walimu ikaleta na usemi wake, na wengi tuliona biashara hiyo inafaa. Somo la hesabu halidhuriki kwa kusimamiwa na wizara. Habari za nani alifunga mlango wa nani kwa nje mwaka 1953 ni kitu kingine, hasa pale ambapo warithi wa ardhi ile wanapiga kura.

Kabla shilingi ya kwanza haijatolewa, kuwe na mkataba wa kila kitu kilichomo: kimetoka kwa familia gani, kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa, na kitarudi kwa nani kikundi kikivunjika. Mkataba huo uandikwe kwa Kikuyu na Kiswahili, nakala moja ibaki kwa familia. Kaunti isiyotaka kutia sahihi kwa masharti hayo ni afadhali iendelee na leseni zake za pombe.