Kazi za Mikono: Biashara ya Rangi za Mabaka



Wavuvi wetu wanajua kwamba pweza hutafutwa kwa subira. Hujibana mwambani, rangi yake ikawa ya jiwe na ngozi yake ikafanya vinundu kama vya jiwe, na asiye mzoefu humpita kwa hatua moja tu. Wanadamu wameuiga ustadi huo, na katika nchi nyingine umekuwa kazi ya kulisha familia. Juma hili tutazungumza juu ya utiaji wa rangi za mabaka kwenye vifaa vya porini na vya uvuvini: pinde, darubini, masanduku ya barafu na miguu ya kamera. Ni kazi inayovutia kuitazama, na kijana mwenye akiba kidogo aweza kushawishika kuianza. Basi na aijue kwanza.

Kanuni yake imechukuliwa kwa wanyama. Mwaka 1896 mchoraji wa Kimarekani, Abbott Thayer, alieleza kwa nini wanyama wengi wana mgongo wa rangi nzito na tumbo la rangi nyepesi: jua huangaza juu, kivuli huangukia chini, na rangi hizo mbili huvisawazisha hata mwili ukapoteza uviringo wake machoni. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha wachoraji wa kuficha mizinga. Jicho hukitambua kitu kwa ukingo wake. Mabaka mazito na mepesi yakiukatiza ukingo huo, umbo huvunjika. Kwa hiyo fundi anayepaka kijani kitupu hajaficha sana, na anayemalizia kwa vanishi ing'aayo amefichua, kwani mng'aro huonekana mbali kuliko rangi.

Soko kubwa la kazi hii liko Marekani, ambako kuwinda paa na bata kwa kibali ni desturi ya watu wengi. Huko Jim Crumley aliuza mchoro wake wa magome ya miti, Trebark, kuanzia mwaka 1980, na mwaka 1986 Bill Jordan alianzisha Realtree naye Toxey Haas akaanzisha Mossy Oak. Michoro hiyo ni mali yenye wenyewe. Karakana ndogo haina ruhusa ya kuinakili. Hununua tando zilizochapwa kwa idhini ya mwenye mchoro. Atakaye kuiga kazi hii na aanze hapo, kwa sababu mchoro wa mtu ni jasho lake kama ilivyo jahazi au shamba.

Namna ya kuitenda ni hii. Utando mwembamba wa polivinili alkoholi, ambayo kwa jina tu ndiyo inayofanana na kileo, huchapwa mchoro kisha hutandazwa juu ya maji ya uvuguvugu, kiasi cha nyuzi 30. Baada ya dakika moja hivi utando hulainika. Fundi huupulizia dawa ya kuyeyusha, na wino ukabaki unaelea juu ya maji. Hapo hukizamisha kifaa polepole, kwa mshazari, na maji yenyewe huusukuma wino ukashika kila pembe. Kifaa huoshwa, hukaushwa, kisha hupakwa vanishi isiyong'aa.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Kuzamisha huchukua dakika. Maandalizi huchukua saa nyingi, na pamoja na kukauka hufika hata siku mbili. Kifaa lazima kioshwe mafuta yote, kipigwe msasa, kipakwe rangi ya msingi ya kushikiza, kisha rangi ya chini, ambayo ndiyo itakayoamua kama mchoro utaonekana wa nyasi kavu au wa msitu mbichi. Hatua moja ikirukwa, mteja hataona siku ya kuchukua mzigo wake. Ataona miezi michache baadaye, rangi ikibanduka kama ganda la kitunguu.

Hapa ndipo penye mtihani wa kazi yenyewe. Mabaka huficha umbo, na huficha pia ufa. Upinde uliopasuka ukipakwa vizuri huonekana mpya, hata uje uvunjike mkononi mwa aliyeuvuta. Hapa kwetu mteja wa karibu pengine atakuwa mwendesha bodaboda mwenye kofia ya pikipiki. Viyeyusho vya rangi vyaweza kudhoofisha plastiki ya kofia bila alama yoyote kuonekana nje. Kofia ikapendeza, na siku ya ajali isimlinde mvaaji. Fundi mwadilifu huikataa kazi hiyo na kumweleza mteja sababu. Kazi yake ni kukificha kifaa machoni pa ndege na mnyama. Kuficha kasoro machoni pa mnunuzi ni kughushi.

Ziko na tahadhari za nchi. Uwindaji wa wanyamapori kwa starehe ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kwa hiyo mwindaji si mteja wetu. Tena, Kanuni ya Adhabu inakataza raia kuvaa sare za majeshi bila idhini, au mavazi yanayofanana nazo. Nguo na mikoba ya mabaka ya kijeshi iachwe kabisa. Michoro ya magome, nyasi au mbao ni salama zaidi, na hata hiyo ni busara kuiulizia kwa wanaojua sheria kabla ya kununua mitambo. Mteja wa halali apatikana kwa wapiga picha na watazamaji wa ndege wanaozuru msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida, ambao huhitaji vifaa visivyong'aa wala kushtua. Zaidi ya hao, ufundi huuhuu hutia sura ya mbao kwenye plastiki za ndani ya gari.

Hewa ya pwani nayo ina lake. Utando huharibika kwa unyevu, hivyo uwekwe ndani ya chombo kilichofungwa, pakavu. Mvuke wa dawa na wa vanishi ya kuchanganya hudhuru mapafu, na waweza kuleta pumu. Kitambaa cha puani hakitoshi, yahitajika barakoa ya kichujio cha kemikali na mahali penye hewa, mbali na watoto. Maji yaliyotumika yasimwagwe mtaroni yakaishia baharini.

Mwisho ni bei. Asihesabu utando na rangi peke yake. Ahesabu saa za msasa, na vifaa vitakavyoharibika vikarudiwa. Aanze kwa kujifunzia vitu vyake mwenyewe, avitumie jua na mvua kwa miezi kadhaa, na vikidumu ndipo apokee vya watu.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya daftari la mapato na matumizi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.