Mzigo wa Vita

Momela ni mahali pa maziwa, kati ya mlima Meru na Kilimanjaro. Mwezi wa Juni 1914, huko mbali Sarajevo, mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa kwa risasi. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yamefungamana kwa mapatano. Mmoja alipoingia vitani, wenzake wakamfuata. Wachunga ng'ombe wa Meru hawakumjua marehemu wala mji wake. Hata hivyo, Machi 1916 jeshi la Waingereza lilitoka Longido, likapita kati ya milima hiyo miwili kuwafukuza Wadachi.

Mizinga ilitengenezwa viwandani Ulaya, lakini chuma hakiendi chenyewe. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Basi risasi na chakula vilichukuliwa vichwani mwa watu. Wengi wao walitwaliwa kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi walioandikwa kuwa wamekufa walizidi 40,000, wengi kwa njaa, homa na kuhara damu.

Vita viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Wadachi wa huku, waliochelewa kupata habari, waliweka silaha chini tarehe 25, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Mwaka 1927 sanamu ya askari mwenye bunduki ilisimamishwa Dar es Salaam. Ni haki yake. Lakini mpagazi hakupewa hata bunduki ya kujilinda. Basi mwanafunzi asomapo majina ya majenerali, yafaa aulize: Ni nani aliyewachukulia chakula?