Dhoruba Isiyo na Upepo

Mswahili akisikia neno "dhoruba" huwaza upepo, mvua na mawimbi. Ndiyo sababu, habari za "dhoruba ya jua" zilipoenea Mei 2024, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza iwapo joto lingezidi. Mimi ni mtu wa isimu, wala sidai ubingwa wa fizikia, lakini swali lile lilizaliwa na lugha.

Jua hutema wingu la chembe zenye chaji. Wingu hilo likiupiga uga wa sumaku wa dunia, uga hutikisika. Mtikisiko huo ndio "dhoruba" yenyewe, na hakuna hata jani linalopeperuka. Kinachovurugika ni ayonosfia, tabaka la juu la angahewa ambamo miale ya jua imezing'oa elektroni kutoka katika atomi. Setilaiti za GPS huzunguka yapata kilomita 20,200 juu yetu, nazo ishara zake sharti zipenye humo. Kipokezi hupima muda wa safari na kuugeuza kuwa umbali. Elektroni huichelewesha ishara, na kuchelewa kwa sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde ni kosa la sentimita 30! Siku tulivu kosa hilo hukadiriwa na kusahihishwa. Siku ya msukosuko makadirio huenda mrama.

Wakulima wa Nebraska, Marekani, waliyaonja hayo Mei 10, 2024, katikati ya msimu wa upanzi, katika dhoruba kali kupita zote tangu 2003. Trekta zao, ambazo huongozwa na setilaiti kwa usahihi wa sentimita chache, zilipotoka mistarini, na baadhi yao wakasimamisha kazi.

Tusidhani hayo ni ya Wamarekani pekee. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, jirani yetu, na ayonosfia ya ukanda huu haina utulivu hata pasipo dhoruba. Jua likishatua, hasa karibu na Machi na Septemba, viputo vyenye elektroni haba huinuka, nazo ishara humemeteka kama nyota. Dhoruba yaweza kuvizidisha viputo hivyo au kuvizima, kutegemea saa iliyozuka. Basi mpimaji wetu wa ardhi na rubani wetu hawawezi kutosheka na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Nebraska.

Na maelezo yetu yataandikwa kwa lugha gani? Shuleni Fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake, mwanafunzi hulijua jambo bila jina la kumwambia nyanyake, naye nyanya husikia redioni jina ambalo humtia hofu bure. Napendekeza "msukosuko wa sumaku". Najua wapo watakaosema kwamba "dhoruba" imekwisha kuota mizizi. Labda, lakini hata mizizi hung'oleka. Walimu wa Fizikia wakiwa na jina lililo bora, na walilete, nami nitalifundisha.