Kilwa Haikuzaliwa na Bahari

Wapo watu hapa Nakapanya wanaoamini kwamba historia iko pwani, na kwamba huku kwetu ni pori tu lililopitiwa na barabara ya Tunduru na Masasi. Kauli hiyo naipinga.

Nimeizuru Kilwa Kisiwani na Kilwa Kivinje, na sina ugomvi na uzuri wake. Msikiti Mkuu na magofu mengine ya kisiwani yalistahili kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ugomvi wangu ni na hadithi niliyosimuliwa pale: masultani, majahazi, vyombo vya Kichina, na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331. Yote ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mji unasimuliwa kana kwamba ulivuliwa baharini kama samaki.

Hebu tujiulize: mali ile ilitoka wapi? Kisiwa kile hakina mgodi wa dhahabu. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa katika karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilipitia Sofala lakini ilichimbwa bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe. Sarafu yake moja iliokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe. Karne nyingi baadaye, Kilwa ilipofufuka, ilifufuka kwa pembe za ndovu. Nani alizifikisha? Misafara ya Wayao, kwa miguu, kutoka pande za Ruvuma na Ziwa Nyasa.

Katika misafara hiyo walikuwamo pia waliofungwa shingoni. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Hao walikuwa watu wa bara. Tena tusifiche: baadhi ya waliowauza walikuwa wakubwa wetu wenyewe. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutaka habari hizi zisemwe, kwani hadithi isiyomtaja mbebaji haitamtaja muuzaji wala aliyeuzwa.

Nitajibiwa kwamba mawe hudumu na nyayo hufutika, hivyo mgeni hawezi kuonyeshwa njia iliyoota majani. Huo ni uvivu. Uislamu uliowaingia Wayao katika karne ya 19 haukuletwa na upepo. Ulipanda bara kwa njia zile zile zilizoteremsha pembe. Misikiti ya Tunduru ni ushahidi wa Kilwa sawa na magofu.

Wengine watasema Kilwa ni mji wa wageni, hatuna haja nayo. Hao nao wanakosea. Kule Vietnam, mji wa bandari wa Hoi An, ulioingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 1999, una daraja la Wajapani na kumbi za Wachina, na bado ni mji wa Wavietnam. Mfanyabiashara kujenga nyumba hakumnyang'anyi mwenyeji mji wake.

Basi mwalimu anayewapeleka wanafunzi Kilwa aanze somo hapa hapa, kabla gari halijaondoka. Na wanaowapokea wageni kule kisiwani, wakishamaliza kuwataja masultani, wawataje waliobeba na waliouzwa. Wasipofanya hivyo, mgeni atakuwa ameonyeshwa mlango tu na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo nyumba.