Senema Imechukua Kiswahili, Mswahili Ameachwa Mlangoni

Wananchi wengi wapenda senema, nasi hatuwalaumu. Mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri ana haki ya kukaa kitini akatazama picha. Lakini twauliza: mlipokwenda kuzitazama zile picha za simba za Marekani, ya 1994, ya 2019 na hiyo ya Mufasa iliyotoka Desemba 2024, mlipata kujiuliza wenye picha hizo waliyatoa wapi maneno yao?

Simba ni neno letu. Rafiki ni neno letu. Pumbaa ni neno letu. Na yule fisi mkuu, jike lenye njaa na hila, kaitwa nani? Shenzi! Neno lile lile ambalo setla alimtupia kibarua shambani, leo mtoto wa Kariakoo analitamka huku akicheka, kwa kuwa kafundishwa kuwa ni jina la fisi. Kisha wimbo wa kufungulia picha huanza kwa maneno ya Kizulu, mbuga ni kama Serengeti, majina ni ya Kiswahili. Kwao Afrika nzima ni kapu moja. Mtu hutia mkono akatoa chochote.

Kama wangeishia kwenye majina tungenyamaza. Hawakuishia hapo. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba maneno "hakuna matata" yawe alama yake ya biashara katika nguo, na mwaka 2003 yakaandikishwa huko Marekani. Maneno hayo Them Mushrooms wa Kenya walikwisha yaimba katika Jambo Bwana mwaka 1982. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia sahihi kupinga jambo hilo. Kampuni ikajibu kwamba hakuna anayezuiwa kuyasema. Ahsante sana! Kumbe tumeruhusiwa kusema lugha yetu wenyewe. Na wao, siku ile walipokwenda kuyaandikisha, walimwomba nani ruhusa?

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1953 ilitoka Mogambo, picha ya Clark Gable na Ava Gardner, iliyopigwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu wakaambiwa kuwa mogambo ni Kiswahili, maana yake mapenzi makali. Mswahili gani alipata kulisikia neno hilo? Na wakati walipokuwa wakiipiga, Kenya ilikuwa imekwisha tangaziwa hali ya hatari tangu Oktoba 1952, lakini mtazamaji aliona sokwe na mapenzi ya wazungu tu. Mwaka 1955 ikaja Simba, picha ya Waingereza juu ya Mau Mau, ikatueleza vita vya ardhi kwa macho ya yule aliyeikalia ardhi.

Kisha ile Hatari! ya John Wayne. Wazee wa Arusha wanaijua, maana ilipigwa huko kwao mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961. Fikirini, ndugu, huo ni wakati gani. TANU ilikuwa imekwisha pata viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa Agosti 1960. Nchi nzima ilikuwa ikijitayarisha kwa Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Picha ilipotoka mwaka 1962 tulikuwa na bendera yetu. Ndani yake mna nini? Mmarekani, Mjerumani, Mfaransa na Mwitaliano wanakimbiza vifaru kwa motokaa, wawauze kwa watu wenye bustani za wanyama. Mwafrika ni msaidizi. Jina la picha ni la kwake, nchi ni ya kwake, kifaru ni wa kwake, hadithi si ya kwake.

Wako watakaosema: haya ni ya kuchekesha tu, tena ni ya watoto. Basi ndiyo mabaya zaidi. Mtu mzima hulinganisha picha na maisha aliyoyaona. Mtoto huanza na picha.

Twageukia upande wetu. Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute mwaka 2021, kutokana na kitabu cha Adam Shafi. Ni Unguja ya miaka ya hamsini: Yasmini, binti aliyeozwa mume mzee akakimbia, na Denge, kijana anayepigania uhuru. Watu wanazungumza Kiswahili chao, hawachekeshi mgeni. Wako waliolalamika kuwa inakwenda polepole. Ni kweli haina haraka, na ule ukimya wake sisi tumeupenda. Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar, picha yetu ya kwanza kupelekwa tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Ilionyeshwa Toronto. Jee, Tandika na Mwanjelwa wameiona wangapi?

Wala wapiga picha wetu hawaponi leo. Jumba kubwa la kukodi, wanawake wawili wakigombea bwana mmoja, mganga katikati, mwisho subirini sehemu ya pili! Mtu akichoka na hayo akakimbilia simba wa Marekani, tumlaumu yeye peke yake? Na nyinyi wenye maduka ya Unguja na Arusha, mnaowavisha watalii fulana za hakuna matata kana kwamba Kiswahili kizima ni maneno mawili, mnamsaidia nani?

Picha nyingine ya simba itakuja, na ya mwindaji itakuja. Matangazo yake yatajaa ukutani kabla haijafika. Siku hiyo nendeni dirishani pa tiketi mkamwulize mwenye senema: Vuta N'kuvute utatuletea lini, na kwa bei gani?